Magari ya kale: Vipuri vyayeyushwa mafundi wakitazama

MTU anayejaribu kufufua Peugeot 504 katika soko la Shianda, Kaunti ya Kakamega, hugundua mapema kwamba kikwazo chake kikuu si ujuzi. Kinachoadimika ni vipuri, na chanzo cha uhaba huo kiko mbali na gereji za Mumias Mashariki.

Gari hilo si geni Magharibi mwa Kenya. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, likaunganishwa humu nchini, na kujizolea sifa liliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Lile lenye viti vya ziada nyuma lilihudumu kama matatu ya masafa marefu kabla ya kupisha magari ya abiria 14 kutoka Japani.

Kwa kawaida, Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liundwe. Kanuni hiyo ina mantiki yake, kwani inazuia nchi kugeuzwa jaa la magari yaliyochakaa ng'ambo. Hata hivyo, natija yake ni kwamba magari ya kale yaliyomo nchini ndiyo akiba pekee. Likikatwakatwa moja, hakuna jingine linaloingia kuchukua nafasi yake.

Hapo ndipo fundi anapokutana na mshindani wake mkuu, mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Huyu hununua kwa kilo. Kwake, giaboksi nzima na paa lililooza kwa kutu ni bidhaa moja. Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti biashara hiyo mwaka wa 2015, na mapema mwaka wa 2022 serikali ikaisimamisha kwa muda kufuatia uharibifu wa mitambo ya umeme. Mjadala uliozuka ulihusu wizi wa nyaya na reli. Vipuri vinavyoishia tanuruni kihalali havikutajwa sana.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Laina za silinda katika injini ya petroli ya 504 huweza kung'olewa na kubadilishwa zikilika, bila kuitupa bloku. Kwa hivyo, injini inayoonekana kufa aghalabu inatibika, mradi bloku na kichwa chake ni vizima. Hivyo ndivyo visivyoweza kuundwa upya katika karakana ya jua kali.

Vipo vinavyoundika. Fundi mwenye mashine ya kukereza chuma anaweza kutengeneza bushi, na gasketi nyingine hukatwa kwa mkono. Lakini breki na usukani havina nafasi ya kubahatisha. Kizibo cha mpira kisichofaa huvimba na kuoza kikiguswa na mafuta ya breki, na kosa hilo hujulikana gari likiwa mteremkoni. Anayeokoa pesa hapo huhatarisha maisha ya wenzake barabarani.

Kisichopatikana Shianda hutafutwa mjini Kakamega, kisha Kisumu, na hatimaye katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Simu imerahisisha safari hiyo: picha hutumwa, malipo hufanywa kwa M-Pesa, na mzigo hupakiwa kwenye basi. Picha, hata hivyo, haionyeshi kipimo. Mnunuzi makini hutaja nambari ya kipuri, na hakitupi kile kikuukuu kabla kipya hakijakaa mahali pake.

Wenye uwezo huagiza vipuri Ulaya. Ndiyo maana magari ya kale hung'ara katika mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka wa 2003. Mwalimu au mkulima wa miwa aliyerithi gari la babake hawezi kumudu gharama hizo.

Suluhisho halihitaji mamilioni. Wauzaji wa vyuma wanaweza kuhimizwa kutenga vipuri vizima kabla ya kuuza vilivyosalia kwa kilo, kwani fundi atalipa zaidi ya tanuru. Taasisi kama Sigalagala, iliyo katika kaunti hiyo hiyo, zinaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kupima na kuchora vipuri adimu ili vikerezwe kwa vipimo sahihi.

Wahenga walionya: usitupe mbachao kwa msala upitao. Gari la kale likiyeyushwa, fundi aliyelijua hupoteza kazi, na chipukizi aliyetarajia kujifunza kwake hukosa darasa.