Jumba la Singer Liliuawa kwa Rula

Msiniambie jumba la Singer lilikufa kwa uzee. Lilifunguliwa New York mwaka 1908 na nyundo zikaanza kuligonga 1967. Miaka 59! Umri huo hata binadamu hajastaafu, sembuse nyumba ya chuma, matofali na marumaru. Halikuungua, halikuporomoka. Liliuawa, na waliohusika wanajulikana hadi kwa vyeo vyao. Kwa nusu karne iliyofuata, mpaka ilipofika zamu ya 270 Park Avenue katika jiji hilo hilo, dunia haikuwa na jengo refu kuliko hilo lililobomolewa kwa hiari ya mwenyewe.

Singer ni wale wale wa cherehani nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, iliyoshona sare za shule na nguo za Idi kwenye baraza zetu kuanzia Unguja hadi Kigoma. Fedha za cherehani, ambazo watu wa kawaida walilipa kidogo kidogo kwa awamu, ndizo zilizonyanyua mnara wa mita 187 pale Broadway na mtaa wa Liberty. Hakukuwa na jengo la ofisi refu kuliko hilo duniani. Mwaka mmoja tu, likapitwa na mnara wa Metropolitan Life. Sawa, urefu hauna mwenyewe. Mimi roho inaniuma kwa ukumbi wa kuingilia. Nguzo zilikuwa za marumaru ya Italia, zimepambwa kwa shaba, na juu yake kulikuwa na medali kubwa: hii ina nembo ya kampuni, inayofuata ina sindano, uzi na bobini. Nitajieni benki moja leo inayotundika zana za fundi ukumbini kwake.

Na msanifu wake, Ernest Flagg, hata hakuyapenda majengo marefu. Alilalamika kwamba yanawaibia majirani mwanga na hewa. Alipopewa kazi hii akajenga mnara mwembamba, takriban mita 20 kwa 20, ukipanda juu ya sehemu ndogo tu ya kiwanja ili jua lifike barabarani. Alikuwa mbele ya wakati wake: sheria ya ujenzi ya New York ya 1916 iliruhusu mnara upande utakavyo, mradi usikalie zaidi ya robo ya kiwanja. Ndicho alichokuwa akikihubiri.

Wembamba huo huo ndio uliokuja kugeuzwa kosa. Singer walihama mwanzoni mwa miaka ya 1960, jengo likauzwa, likaishia mikononi mwa United States Steel. Wakatoa rula. Ghorofa moja ya mnara: mita za mraba 390 hivi. Ghorofa moja ya jengo walilolitaka, ambalo leo ni One Liberty Plaza: karibu 3,400. Wakafunga daftari. Daftari lenyewe halikuwa na safu ya marumaru wala ya jua.

Tajiri simlaumu sana. Kumshangaa tajiri akitafuta faida ni kama kumshangaa fisi akifuata mfupa. Ninaowashikia bango ni Tume ya Kuhifadhi Majengo ya Kihistoria ya jiji, iliyoundwa 1965 baada ya kubomolewa kwa stesheni ya Penn kuwatia watu uchungu. Meno ilikuwa nayo. Mkurugenzi wake, Alan Burnham, akaeleza kwamba jengo likitangazwa la kihistoria itabidi atafutwe mnunuzi, au jiji lilinunue lenyewe, na jiji halina utajiri wa kiasi hicho. Astaghfirullah! New York haina pesa, na hayo yanasemwa hatua chache kutoka Wall Street?

Watetezi wao hawakosi jibu: sheria ilikuwa changa, tume iliogopa kuburutwa mahakamani. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama si stesheni ya Grand Central. Mwaka ule ule wa 1967 tume ile ile iliitangaza kuwa ya kihistoria. Kampuni ya reli ikaenda kushtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1978 jiji likashinda. Sheria, basi, ilitosha. Kilichopungua ni uthubutu, na ulipungua kwa jengo ambalo wakubwa waliliona la kizamani.

Halafu tazama malipo. Kwa kuacha uwanja wazi ng'ambo ya mtaa, ule ambao sasa unaitwa Zuccotti Park, U.S. Steel waliruhusiwa kuongeza ghorofa. Jiji lililodai halina uwezo wa kuuokoa mnara uliopisha jua lilipata uwezo wa kulipa, kwa ghorofa, ili lipewe mahali pa kuota jua.