Kazi za Mikono: Ploteri haijafa, angalia kisu kwanza

Wamama na dada zangu, najua niliahidi habari ya sabuni. Sabuni itangoja juma moja.

Jumatatu jioni nilipigiwa simu na mama prezidanti wa kikundi kimoja cha Beni. Walinunua ploteri ya mtumba, ile mashini ya kukata vinili, kwa akiba ya AVEC ya mwaka mzima. Walikuwa na komande ya tisheti 60 za kwaya, na avansi ilikwisha kuingia katika tisheti zenyewe. Sasa mashini inakata vibaya: herufi haziachani, duara halifungi, ukivuta vinili inapasuka. Fundi mmoja aliitazama dakika kumi akasema kadi ya ndani imeungua. Kuitengeneza ni dola 180, ama yeye ainunue kwa dola 100, eti awasaidie. Mama akaniuliza: "Dada, tumuuzie?"

Nikamwambia, ngoja kwanza, mama. Ukiwasha, kichwa kinatembea kushoto na kuume mpaka mwisho? Kinatembea. Karatasi inaenda na kurudi? Inaenda. Basi toeni kisu, mfunge kalamu mahali pake, muweke karatasi ya kawaida, mwambie mashini ichore jina la kwaya. Kalamu ikachora jina lote bila kosa. Mashini yenye kadi iliyoungua haichori hivyo. Kipimo hiki cha kalamu hakigharimu kitu, na kila kikundi chenye ploteri kikijue kabla ya kumwita fundi.

Tukarudi kwenye kisu. Ni kitu kidogo kama sindano, na wengi wanasahau kwamba kinazeeka. Walipokitoa katika kishikio chake, walikuta kipande cha vinili kimekwama ndani, na ncha imevunjika. Kisu cha namna hiyo hakigeuki vizuri kwenye kona, ndiyo sababu duara lilikuwa halifungi. Kwa bahati kulikuwa na kisu kipya kwenye sanduku, hakijawahi kuguswa.

Kosa la pili ni kutoa kisu nje sana. Mtu akiona hakikati, anakisukuma nje zaidi na kuongeza nguvu, na huko ndiko ncha inavunjikia. Ncha itokeze kidogo tu, karibu nusu ya unene wa kadi ya benki. Kisha kata kipande cha kujaribia, mraba wenye duara ndani. Vinili itoke yote, na karatasi ya nyuma ibaki na alama hafifu ya kukwaruza. Ukiona kisu kimetoboa karatasi, punguza nguvu. Kama vinili haijaachana, ongeza kidogo kidogo.

Kisu kipya kikakata vizuri, lakini upande wa kuume tu. Kushoto, bado kubaya. Nikawaambia wapitishe kidole juu ya ule utepe mweupe ulio chini ya njia ya kisu. Walisikia mfereji. Yule aliyetumia mashini mbele yao alikata kwa nguvu nyingi mpaka akauchimba. Utepe unabandikwa, unaweza kubadilishwa, lakini komande haingoji. Maandishi ya kifuani hayazidi sentimeta 30, kwa hiyo walisogeza vinili pamoja na magurudumu ya kuibana upande wa kuume, wakaendelea kukata huko huko. Utepe watautafuta baadaye. Muangalie tu magurudumu yote yabane sawa, na roli ifunguliwe kiasi kabla ya kuanza. Ikivutwa kwa shida, vinili inakwenda upande na maandishi yanapinda.

Na jambo ambalo mimi mwenyewe liliniharibia tisheti saba: flexi ya nguo inakatwa kinyume, kama unavyoona maandishi katika kioo, upande wa plastiki inayong'aa ukiwa chini. Usipogeuza kwenye kompyuta, kwaya itaimba na jina lisilosomeka.

Wenye imprimanti kubwa ya banderoli, ugonjwa wenu ni mwingine: wino unakauka kwenye kichwa. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, maandishi ya kunawa mikono yalihitajika kila mahali, na mashini hazikupumzika. Leo komande zikipungua mashini inakaa wiki mbili bila kazi, na kichwa kinaziba. Kichwa kipya ni bei ya ng'ombe. Chapeni kila siku kile kipande cha kupima matundu ya wino, hata kama hamna kliyenti. Mfuteni kifuniko na mpira wa kupangusia kwa maji yake maalum. Si kwa petroli, na si kwa kucha! Vumbi letu la Butembo wakati wa kiangazi ni adui. Mashini ifunikwe usiku, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiwe kavu. Umeme ukikatika, chomoeni waya, maana ukirudi unarudi na hasira. Stabilizateri ni ya lazima kuliko kompyuta nzuri.

Sasa neno la mama kwa mama. Wino wa banderoli una harufu kali inayoumiza kichwa na kifua. Madirisha yawe wazi, mtumie glovu, na mwenye mimba apewe kazi ya kukunja na kuhesabu, si ya kumwaga wino. Mtoto mgongoni asiingie chumba kile. Wino mchafu usimwagwe mtoni.

Na mabaki ya vinili, tafadhali, yasiwe ya kuwashia makala. Nimeona yakitiwa kwenye babula chini ya sufuria ya maharagi kwa sababu yanashika moto haraka. Ni plastiki ya PVC: moshi wake una asidi inayochoma koo na mapafu, tena una sumu, na watoto ndio wanaokaa karibu na jiko. Wekeni mabaki katika gunia. Vipande vikubwa vinatosha kukatia majina ya madaftari ya shule, na hayo yanauzwa.

Mpaka Alhamisi, wale wa Beni walikuwa wamemaliza tisheti 38. Fundi alirudi kuuliza kama wameamua. Mama prezidanti akamwonyesha kiti, akamwomba akae aone mashini inavyokata.

Sabuni, juma lijalo.