Nani Atachomeka Gari la Ofisi?

Siku hizi yanaingia bandarini mwetu magari yaliyotumika Japan, yenye injini ya petroli na tena yenye betri ya kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Huitwa haibridi za kuchomeka. Wauzaji wanayasifu mno kwa safari ndefu, hata baadhi ya ndugu zetu wamekwisha kuamini kwamba atakayelipata ataagana na petroli. Hayo si kweli, nasi hatuwezi kunyamaza.

Tazameni Mitsubishi Outlander ya namna hiyo iliyotoka mwaka 2013. Betri yake ilibeba uniti 12 za umeme, na kwa vipimo vya Japan ilisemwa itakwenda kilometa 60. Na Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800! Hata Chalinze hujafika, umeme umekwisha. Toka hapo petroli ndiyo inayovuta gari, na betri nzito juu yake.

Hatusemi gari hili ni bovu. Gari la umeme mtupu lataka vituo vya kuchaji njiani, navyo katika barabara zetu ni haba, hili halikwami. Dereva mwenye akili huuweka umeme akiba, autumie katika foleni za mjini ambako petroli huungua bure. Akishuka Kitonga, magurudumu yenyewe huzungusha mota na kurudisha umeme betrini. Akilala Iringa, achomeke ukutani. Kwa muda wa saa tano hivi betri imejaa. Na umeme huo ni wetu, wa Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuuzalisha mwaka 2024, hali petroli yote yaja kwa meli na kulipwa kwa fedha za kigeni.

Basi shauri lote liko kwa mwenye kuchomeka. Ulaya wamekwisha kupima. Taarifa ya Kamisheni ya Ulaya ya mwaka 2024, juu ya magari yaliyoandikishwa mwaka 2021, ilionyesha kwamba haibridi hizi barabarani zilitoa hewa ya ukaa mara 3.5 ya ile iliyoandikwa na viwanda. Uchunguzi mwingine ulikuta magari ya makampuni yanachomekwa mara chache kuliko ya watu binafsi. Mbona si ajabu! Mwenye petroli ya kulipiwa na mwajiri atahangaika na waya kwa nini?

Na hapa petu, petroli ya gari la ofisi ya umma hulipwa na nani? Na mkulima, na mchuuzi, na mwalimu. Ofisi yo yote itakayonunua magari haya kwa safari za Dodoma na mikoani, kwanza iweke soketi penye maegesho yake, kisha daftari la safari lionyeshe lita na uniti pia, mbele ya wakaguzi. Isipokuwa tayari kufanya hivyo, inunue gari la kawaida, lililo jepesi na la bei nafuu.