Mikataba ya Utoaji Mimba: Mkata Inahusikaje?



Kila redio inapotangaza kwamba mataifa yamekutana tena kujadili utoaji mimba, wazazi hutungoja nje ya kanisa na maswali mawili. Je, ni kweli serikali yetu imekwisha kutia sahihi ili binti zetu watolewe mimba? Na je, hospitali za misheni zitalazimishwa? Ni maswali ya haki. Lakini majibu yanayozunguka pale Mkata, ambapo magari ya Dar es Salaam, Tanga na Arusha hushusha habari pamoja na abiria, mengi si sahihi. Basi tuangalie yaliyoandikwa.

Mwaka 1994 mataifa 179 yalikutana Cairo kuzungumzia idadi ya watu na maendeleo. Mabishano yalikuwa makali, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikuwa amekwisha kuonya mapema. Mwishoni Kiti Kitakatifu kiliungana na wengine kwa sehemu tu, kikaandika wazi kwamba hakikubali utoaji mimba uhesabiwe ndani ya afya ya uzazi. Hata hivyo aya ya 8.25 ya hati ile ina maneno ambayo wengi hawajapata kuyasikia: kwamba utoaji mimba usihimizwe kamwe kuwa njia ya uzazi wa mpango, kwamba kubadili sheria ni kazi ya kila nchi yenyewe, na kwamba mwanamke aliyepata madhara baada ya mimba kutolewa apate matibabu mazuri, kwa vyovyote vile. Mwaka uliofuata, huko Beijing, mkutano ukiwa chini ya katibu mkuu Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella, nchi zilitakiwa zifikirie upya sheria zinazowaadhibu wanawake waliotoa mimba.

Mkataba unaotugusa zaidi ni wa Afrika yenyewe. Ni Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake, iliyopitishwa tarehe 11 Julai 2003. Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Kifungu cha 14, sehemu ya pili, kina herufi tatu. Herufi (c) inazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba wa kitabibu kwa aliyebakwa au kupewa mimba na ndugu wa damu, au pale mimba inapohatarisha afya ya mama ya mwili na akili, au uhai wa mama au wa kijusi. Kenya na Uganda ziliporidhia mwaka 2010 ziliandika kwamba hazifungwi na herufi hiyo. Tanzania haikuandika hivyo.

Hapo ndipo uvumi unapopata chakula. Lakini kwetu mkataba ulioridhiwa hauwi sheria ya mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuutekeleza, na Bunge halijaigusa Kanuni ya Adhabu kwa ajili ya herufi (c). Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria bado anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 14, na mwanamke anayejitoa mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa uhai wa mama. Na hakuna sheria ya nchi hii inayoilazimisha hospitali ya misheni kutoa mimba.

Maoni yetu ni kwamba serikali ingefanya vema kusema wazi kama walivyosema jirani zetu. Sahihi iliyowekwa kisha ikanyamaziwa haimsaidii mtu: wanaotaka sheria ibadilike wanasema tumekwisha kukubali, sisi tunaotetea uhai wa mtoto tangu kutungwa mimba tunaambiwa tusiwe na wasiwasi, na mganga wa zahanati hajui ashike lipi. Wenye maoni tofauti nao wayalete bungeni, tujibizane mchana.

Hata hivyo liko jambo linalotuudhi zaidi. Kelele zote ziko kwenye herufi (c). Nani amewahi kuandamana kwa ajili ya (a) na (b)? Herufi (a) inaahidi huduma za afya za kutosha, zinazofikika na ambazo watu wanaweza kuzilipia, hasa kwa wanawake wa vijijini. Herufi (b) inaahidi huduma ya mama kabla ya kujifungua, wakati wa kujifungua na anaponyonyesha. Serikali ilitia sahihi hizo pia, na hakuna askofu wala shehe anayezipinga. Mama wa kijiji kilicho mbali na barabara ya lami, anayepakiwa kwenye bodaboda usiku huku akitokwa na damu, anadai (a) na (b).

Wako pia wasichana. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kiasi cha wasichana 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Sisi wauguzi tunawapokea baadhi yao siku ya tatu au ya nne, wana homa kali, tumbo limekuwa gumu kama ubao, na mama aliyemleta anasema ni malaria. Hatumlaumu. Anaogopa polisi, anaogopa baba wa mtoto, na tuseme kweli, anaiogopa jumuiya yake. Wakati huo mabaki ya mimba yanaoza, sumu inaingia kwenye damu, na saa zinapita. Kumsafisha na kumpa dawa binti huyo si kutoa mimba. Sheria hairuhusu tu bali inatutegemea tumtibu, Cairo ilisema hivyo, na Kanisa halijapata kukataza. (Vivyo hivyo mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi: ni ugonjwa wa kuua, na hospitali zetu huufanyia upasuaji.)

Wengi wa wasichana hawa walikuwa wanafunzi. Mwaka 2017 ilitamkwa hadharani kwamba aliyezaa hatarudi shuleni, na binti aliyeona mlango umefungwa alitafuta mizizi na vidonge vya kubahatisha. Novemba 2021 serikali iliufungua tena mlango huo. Wazazi wangapi wa parokia zetu wanalijua hilo? Kwa maoni yetu badiliko lile limeokoa mimba nyingi kuliko hotuba zetu.

Kuhusu Marekani tuseme kwa kifupi. Tangu mwaka 1984 kila chama kikichukua utawala kule, sharti la kuwanyima fedha mashirika yanayohusika na utoaji mimba huwekwa au huondolewa: liliondolewa 1993, likarudi 2001, likaondoka 2009, likarudi 2017, likaondoka 2021, likarudi 2025. Wengine wetu tulifurahia baadhi ya miaka hiyo. Lakini chumba cha kuzalishia cha Handeni hakiwezi kutegemea kura za Washington.

Kwa aliyekwisha kutoa mimba na anabeba mzigo moyoni: tangu Mwaka wa Huruma, na kwa barua ya Baba Mtakatifu Fransisko ya Novemba 2016, kila padre anaweza kumwondolea dhambi hiyo katika kitubio. Hahitaji kwenda kwa askofu.

Kwa WAWATA na viongozi wa jumuiya ndogondogo tunaomba dalili hizi zisomwe kwa sauti mkutanoni: damu inayolowesha kitambaa kizima kwa muda mfupi, homa au baridi kali, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya, kizunguzungu au kuzimia. Mwanamke mwenye mojawapo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na asihojiwe kwanza nani alimpa mimba. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uko usafiri wa dharura wa m-mama: piga 115, simu hailipiwi.