Nyimbo Zile Zile, Safari Hii Zinasikika

Bendi ikitoa tena albamu yake ya zamani na kusema "tumeirekebisha", wengi tunacheka: hao wameishiwa nyimbo, wanatafuta hela. Na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini jamani, kuna albamu moja naitetea hadharani: Enemies of Reality ya Nevermore.

Kwa msiowajua, Nevermore ni bendi ya hevi metali ya Seattle, Marekani. Mwaka 2000 walitoa Dead Heart in a Dead World, wakiwa na produsa Mwingereza, Andy Sneap. Albamu ile ni nzito, lakini kila ala unaisikia mahali pake. Kwa hiyo ilipokuja Enemies of Reality mwaka 2003, chini ya produsa mwingine, Kelly Gray, mashabiki walikuwa na hamu kweli. Wakapata nyimbo 9 nzuri zilizofunikwa blanketi. Magitaa ya Jeff Loomis yamerundikana, ngoma za Van Williams kama zinapigwa chumba cha pili, na Warrel Dane, mwenye sauti yake ile, inabidi umtafute. Watu wakalalamika, na walikuwa na sababu.

Mwaka 2005 albamu ikatoka tena. Sneap alipewa rekodi zile zile, akazichanganya upya. Basi. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Studio kila ala hurekodiwa kwenye njia yake, halafu mtu anakaa anapanga ipi ipande, ipi ishuke, ipi ikae kushoto, ipi kulia. Sneap aligusa mpangilio huo tu. Hakuna aliyeimba tena, hakuna aliyepiga tena. Blanketi likatolewa, na kumbe nyimbo zilikuwepo muda wote!

Hiyo ni tofauti na kurekodi upya. Exodus walifanya hivyo mwaka 2008: waliipiga upya Bonded by Blood yao ya 1985, wakaiita Let There Be Blood, tena na mwimbaji mwingine kwa sababu Paul Baloff alishafariki. Sisemi ni dhambi, ila hiyo ni kazi mpya inayosimama mbele ya ile ya zamani. Remiksi ya Nevermore haisimami mbele ya kitu. Inakupa watu wale wale, siku ile ile.

Mtu ataniuliza: na yule aliyenunua 2003, alipe mara mbili? Swali zuri, na hapo simtetei mtu. Kampuni ikikubali kwamba sauti ya kwanza haikuwa sawa, aliyenunua mwanzo astahili punguzo, si shukrani tu. Na toleo la kwanza lisifichwe. Kuna watu walilizoea hivyo hivyo, na sisi wengine tunahitaji kulinganisha.

Lakini kati ya kulipishwa mara mbili na kuachiwa ile ya kwanza peke yake, mimi najua nachagua nini. Sisi tuliokulia nyumba za taarab tulifundishwa mapema: mwimbaji akimezwa na vyombo, wimbo umeharibika, hata kama fidla inalia vizuri namna gani. Warrel Dane alifariki Desemba 2017. Hawezi kurudi studio. Bila kazi ile ya 2005, nyimbo hizi 9 zingebaki nazo zimemmeza, na mtoto anayemgundua leo angedhani jamaa alikuwa wa kawaida tu.

Wazee husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sawa, ila mhunzi awahi kushika koleo jingine wakati chuma bado kipo. Nevermore waliwahi.

Anzeni na "I, Voyager", toleo la 2003 kisha la 2005, kwa hedifoni, si spika ya simu. Halafu njooni tubishane.