Kibanda Ndani ya Kasri



Likizo iliyopita nilimwendea binti yangu nikimtaka azime simu, aje anisaidie jikoni. Badala yake niliketi ubavuni mwake hadi adhana ya alasiri. Alikuwa akitazama tamthilia kongwe ya Hong Kong, The Legend of the Condor Heroes, iliyotolewa na kituo cha TVB mwaka 1983 kwa lugha ya Kikantoni, sehemu 59. Nilidhani ni mateke na panga tupu. Kumbe ndani yake mna suala zito la malezi.

Tamthilia hiyo imetokana na riwaya ya Jin Yong, iliyotoka kidogo kidogo katika gazeti la Hong Kong kati ya mwaka 1957 na 1959. Kisa ni cha zama za dola ya Song huko China, wakati upande wa kaskazini ulipokuwa umetekwa na dola ya Jin. Wanaume wawili walioapiana udugu, Guo na Yang, wanaishi kijijini na wake zao, wote wawili wajawazito. Mtawa mmoja anawachagulia watoto majina: Jing na Kang. Yakiunganishwa, majina hayo ni kumbukumbu ya fedheha ya mwaka 1127, watawala wa Song walipochukuliwa mateka. Usiku mmoja askari wanawavamia. Guo anauawa, Yang anadhaniwa amekufa, na wake zao wanatenganishwa.

Mke wa Guo, Li Ping, anaburutwa hadi Mongolia, akajifungua peke yake katika theluji. Mwanawe, Guo Jing, anakulia hemani, mzito wa kujifunza hata walimu wake saba wanakaribia kumkatia tamaa. Lakini tangu udogoni mama amekwisha kumwambia baba yake alikuwa nani, alikufaje, na nani aliyemuua. Kitabuni, mtoto huyo wa miaka sita anamficha mpiganaji aliyejeruhiwa, anachapwa mijeledi na hasemi alipo. Mpiganaji anapotaka kumtunza bangili ya dhahabu, mtoto anaikataa, kwani mama yake amemfundisha kwamba mgeni hukirimiwa, wala hachukuliwi chake. Je, si maneno ambayo bibi zetu wangeyasema?

Mke wa Yang, Bao Xiruo, anachukuliwa na mwana wa mfalme wa Jin, yule yule aliyepanga uvamizi kwa kumtamani yeye. Anaishi kasrini, ila hakumsahau mumewe. Anataka kile kibanda chake cha kijijini kihamishwe na kujengwa upya ndani ya kasri, pamoja na vyombo vyake vikuukuu na mkuki wa marehemu. Humo ndimo anamokaa na huzuni yake. Mwanawe, Yang Kang, anaingia na kutoka kibandani humo miaka yote, naye hakuambiwa ni cha nani. Vitu vya baba vilikuwemo, lakini mwana hakuambiwa jina lake.

Kang anakuja kuujua ukweli akiwa na umri wa kama miaka 18, siku baba yake mzazi anapotokea, naye ni maskini wa barabarani. Kijana alikuwa mwerevu, mwepesi kuliko Jing kwa kila hali. Lakini amezoea kuitwa mwana wa mfalme, na hawezi tena kuuacha utukufu huo. Tamaa hiyo ndiyo inayommaliza.

Yamo katika kisa hicho yasiyo yetu. Mama wote wawili wanaishia kujitoa roho, jambo ambalo kwetu ni haramu, na nilimweleza binti yangu waziwazi. Wala simhukumu Bao Xiruo. Alinyamaza kwa mapenzi, akihofia usalama wa mwanawe. Hata hivyo, kimya chake ndicho kilichomlea Kang.

Nasi je? Dini yetu imetuamuru, katika Suratul Ahzab, tuwaite watoto wa kulea kwa majina ya baba zao. Lakini majumbani mwetu tunaficha: huyu baba yake yuko jela, huyu aliachwa mchanga, huyu analelewa na khaloo akidhani ndiye mama. Katika ukoo wetu yumo kijana aliyelelewa na mjomba wake, akalibeba jina la mjomba. Aliijua nasaba yake siku ya kuandaa ndoa, sheikh alipouliza jina la baba ili aozeshwe kwalo, wazee wakatazamana. Ndoa ilifungwa. Lakini tangu siku ile hamwiti tena mjomba wake "baba", wala "mjomba". Humwita "mzee", kama anavyomwita mtu yeyote njiani. Na yule mzee aliyemlisha, akamvisha na kumsomesha, kila akiitwa hivyo huinamisha macho.

Mama mwenzangu, kama nyumbani mwako kuna kibanda cha namna hii, usingoje siku ya ndoa. Mtoto wa miaka sita hahitaji kuelezwa aibu za wakubwa. Yatosha aambiwe: baba yako ni fulani, nasi tunakupenda. Yaliyobaki atayauliza mwenyewe kadiri anavyokua, nawe umjibu kwa kadiri ya umri wake. Na akiuliza, acha sufuria motoni, uketi.