Hisa Bila Sauti ni Kilemba cha Ukoka

Imezuka desturi katika makampuni makubwa ya kuwagawia wafanyakazi hisa, au kuwauzia kwa bei nafuu, kisha kuwaambia kuwa tangu leo ninyi nanyi ni wenye mali. Hatuna ugomvi na hisa. Mtu aliyetoa jasho lake kiwandani kwa miaka 20 ana haki ya kupata sehemu ya kile alichokizalisha, zaidi ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Walakini twapenda kuwauliza ndugu zetu wafanyakazi swali moja: siku wakubwa wa kampuni watakapokaa kuamua kufunga karakana au kukopa fedha nyingi benki, nani kati yenu atakuwa chumbani humo? Ikiwa hayupo hata mmoja, basi mmevikwa kilemba cha ukoka.

Na tutazame yaliyotokea Marekani. Mwaka 1994 wafanyakazi wa shirika la ndege la United Airlines walikubali kupunguziwa mishahara na marupurupu kwa thamani ya karibu dola bilioni 4.9, nao wakapewa asilimia 55 ya hisa. Asikiaye asilimia 55 atadhani kuwa tangu siku ile marubani na mafundi ndio waliokuwa wakiamua. Sivyo. Katika baraza la wakurugenzi lenye viti 12, upande wa wafanyakazi ulipata viti 3. Nusu ya mali na robo ya sauti! Wahudumu wa ndani ya ndege waliutazama mpango ule wakakataa kuingia, wala hatuwezi kuwaita wajinga. Desemba 2002 shirika lilikwenda mahakamani kutangaza kuwa limeshindwa kulipa madeni, na hisa zile zikawa karatasi. Ni kweli kwamba mashambulio ya Septemba 2001 yaliyatikisa mashirika yote ya ndege ya nchi ile. Hata hivyo mfanyakazi wa United alilipa mara mbili, kwanza kwa mshahara aliokatwa, na pili kwa akiba iliyoyeyuka.

Mwaka mmoja kabla ya hapo ilianguka kampuni ya nishati iitwayo Enron. Wafanyakazi wengi walikuwa wamejaza akiba zao za uzeeni hisa za kampuni ile ile iliyowaajiri, wakapoteza kazi na akiba kwa mpigo mmoja. Hesabu zilizokuwa zikitangazwa zilikuwa za uongo, na hao waliokuwa wakiitwa wenye hisa hawakuwa na njia ya kuzifungua wajionee.

Wajerumani walishika njia nyingine. Hawakuanza na hisa, walianza na kiti. Sheria yao ya mwaka 1951 iliwapa wafanyakazi wa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma nusu ya viti katika baraza linalowasimamia mameneja. Na sheria ya mwaka 1976 ikaupeleka utaratibu huo, kwa namna iliyopunguzwa nguvu, katika kampuni zote kubwa zenye wafanyakazi zaidi ya 2,000. Tumesema iliyopunguzwa nguvu kwa sababu kura zikilingana mwenyekiti hupewa kura ya pili, na mwenyekiti huyo aghalabu hutoka upande wa wenye fedha. Mwenye mali hakuwa mjinga kiasi cha kuuachia usukani wote.

Lakini kiti hicho kina uzito wake. Septemba 2024 mameneja wa Volkswagen walitangaza kuwa huenda wakafunga viwanda nchini Ujerumani. Wafanyakazi waligoma Desemba. Lakini mbali na mgomo walikuwa na wawakilishi wao ndani ya baraza, tena wenye hesabu zote mikononi, na walikuwa na sheria maalumu ya kampuni hiyo ya mwaka 1960 isemayo kwamba kujenga au kuhamisha kiwanda kunahitaji theluthi mbili za kura za baraza. Tarehe 20 Desemba pande mbili zilitia sahihi makubaliano. Wazo la kufunga viwanda papo hapo liliwekwa kando. Kwa upande wao wafanyakazi walikubali ajira zaidi ya 35,000 zipunguzwe hadi mwaka 2030 bila kufukuza watu kwa nguvu. Hatusemi kuwa huo ulikuwa ushindi mtupu. Twasema kuwa ni mapatano ya watu wawili waliokaa kwenye meza moja, si barua iliyobandikwa langoni asubuhi.

Kiti nacho kina ugonjwa wake. Katika kampuni hiyo hiyo ilifichuka mwaka 2005 kwamba baadhi ya viongozi wa wafanyakazi walikuwa wakilipiwa anasa na safari kwa fedha za kampuni, na kesi zikafika mahakamani. Mwakilishi aliyezoea kula na meneja huanza kuona njaa ya wenzake kama hadithi.

Sasa turudi nyumbani, maana msomaji asije akadhani kuwa tunamsimulia mambo ya ng'ambo tu. Sisi Watanzania tulilijaribu jambo hili zamani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda na mabenki makubwa yaliingia mikononi mwa umma, na kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 yakaanzishwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Nia ilikuwa njema kabisa. Mfanyakazi alikwisha ambiwa kuwa kiwanda ni mali yake. Sasa alipewa mahali pa kusema. Kasoro ilikuwa kwamba baraza lilipewa kazi ya kushauri tu. Wakuu wa idara nao walikuwa wajumbe humo, na uamuzi ulibaki kwa wakurugenzi. Mfundi wa mtambo angeweza kusimama na kusema kuwa mtambo umechakaa, mkutano ukapiga makofi, na mwaka uliofuata mtambo ukawa ni ule ule.

Mwaka 1971 ukatoka Mwongozo wa TANU, uliowakemea viongozi wenye ubwana na majivuno. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko walivyotarajia wakubwa wengi. Migomo ikafuatana viwandani, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, waliushika wenyewe uendeshaji wa kiwanda. Yako mahali pengine ambapo waliojaribu kufanya hivyo walifukuzwa kazi. Miaka 20 baadaye mashirika mengi ya umma yaliuzwa, na ndugu zetu waliokuwa wakiitwa wenye mali hawakuulizwa bei.

Twasikia hoja ya mameneja, nao huirudia kila mara, kwamba mfanyakazi wa kawaida hajui kusoma mizania ya kampuni, na kwamba akionyeshwa atatoa siri kwa washindani. Habari ya siri ina jibu rahisi: mwakilishi afungwe na kiapo kile kile kinachomfunga mkurugenzi. Ama hili la kutojua, twamwomba meneja atoke nje ya lango mchana amtazame mama ntilie. Mama huyo hajasomea uhasibu. Lakini kila jioni anajua unga na mkaa vimekula kiasi gani, nani amekula kwa deni, na kama kesho ataweza kununua maharage bila kugusa akiba. Mume wake aliye ndani ya lango hakosi akili hiyo. Anakosa karatasi, na akiipata aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeacha mlango wazi. Kifungu cha 70 kinamtaka mwajiri akipe chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa habari zinazohitajika kwa majadiliano, na kifungu cha 73 kinaruhusu chama na mwajiri kukubaliana juu ya chombo cha ushirikishwaji mahali pa kazi. Kuruhusu si kulazimisha, na hapo ndipo tunapotaka sheria iende mbele: kampuni kubwa zilazimishwe kuwa na wajumbe wa wafanyakazi katika baraza la wakurugenzi, wenye kura, waliochaguliwa kwa siri na wenzao, na wanaoweza kuondolewa na wenzao hao hao. Hisa zije baada ya hapo.

Lakini hakuna haja ya kungoja Bunge ili kuanza. Chama chenye wanachama wengi kazini kitambuliwe, na barua yake ya kwanza kwa mwajiri iwe ya kuomba hesabu za mwaka uliopita, kwa Kiswahili, siku 14 kabla ya majadiliano ya mishahara.